Wapiga Kafi wa Uzige

Miongoni mwa miji iliyolizunguka Ziwa Tanganyika, Bujumbura, ambao hadi mwaka 1962 uliitwa Usumbura, umejaaliwa mahali penye maana ya peke yake. Kwani umekaa katika pembe ya kaskazini-mashariki ya ziwa, karibu na pale mto Rusizi umwagapo maji yake, huku nyuma yake ikipanda milima ya Burundi, na mbele yake, ng'ambo ya maji, ikisimama milima mirefu ya Uvira. Nchi hiyo ya tambarare, kabla ya Wadachi kujenga boma lao mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ilijulikana kwa jina la Uzige, na wakazi wake walikuwa wavuvi, wakulima na wafugaji walioishi chini ya wakuu wao wenyewe, wakimtambua Mwami wa Burundi aliyekaa milimani kwa kadiri ambayo umbali na nguvu za kila upande ziliruhusu. Ziwa lililo mbele yao lina urefu wa kilomita zipatazo 673 na kina kifikacho mita 1,470, na katika maziwa yote ya dunia ni Baikal peke yake linalolipita kwa kina. Juu ya maji hayo, kwa dahari nyingi, hapakuwa na chombo ila mtumbwi, wala hapakuwa na nguvu ya kuuendesha ila mabega ya wanadamu, ukitoa majahazi machache ya tanga ambayo Waarabu wa Ujiji walikuja kuyamiliki baadaye.

Mtu akitaja leo mashindano ya kupiga makasia, fikira za wasikilizaji hukimbilia Ulaya, kwenye vyombo vyembamba na vijana wa vyuo vikuu, kwenye saa ya kupimia nukta na medali za Olimpiki. Na lau wangeulizwa ni Mrundi gani aliyepata sifa katika mchezo huo, wangenyamaza, maana sifa ya Burundi katika Olimpiki imeletwa na miguu: Vénuste Niyongabo alitwaa dhahabu ya mbio za mita 5,000 huko Atlanta mwaka 1996, mara ya kwanza kabisa kwa nchi yake kuhudhuria michezo hiyo, na Francine Niyonsaba akapata fedha ya mita 800 huko Rio de Janeiro mwaka 2016. Walakini ukimya huo haupasi kuchukuliwa kuwa ni ushahidi. Mashindano ya vyombo yalikuwako katika maji haya ya kaskazini, yalionekana kwa macho na yakaandikwa kwa wino zaidi ya miaka mia moja na sitini iliyopita. Ila aliyeyaandika hakuyatambua kuwa ni mashindano, kwa sababu walioshindana walikuwa watu wa kazi, tena watu aliowalipa ujira.

Kabla ya kumsikiliza mwandishi huyo, yafaa tuvijue vyombo vyenyewe. Mitumbwi mikubwa ya safari haikuchongwa Uzige wala Ujiji, bali aghalabu ilitoka Ugoma, katika ufuko wa magharibi, ambako misitu ya milimani ilikuwa na miti minene, hasa mvule, inayovumilia maji kwa miaka mingi. Mti uliangushwa, ukachimbwa ndani kwa shoka na tezo, kisha gogo likaburutwa hadi ufukoni na kuvushwa ziwa, likauzwa kwa watu wa ng'ambo ya mashariki. Chombo cha namna hiyo hakikuwa na mkuku wala usukani. Hakikuwa na ndubi za kukitegemeza kama ilivyo ngalawa za pwani. Kiliyumba kwa urahisi, na kukinyoosha katika mawimbi lilikuwa jukumu la aliyekaa tezi na kafi lake. Mitumbwi miwili iliyokodishwa mwaka 1858 kwa safari ya kwenda Uvira yatupa picha ya ukubwa: mmoja ulikuwa na urefu wa futi 60 na upana wa futi 4 tu, na wa pili ulikuwa kama thuluthi mbili za huo. Wajuzi wa mashindano ya leo watatambua kwamba kipimo hicho, urefu mwingi kwa upana mdogo, ni kipimo cha chombo cha mbio, ijapokuwa aliyekichonga aliwaza shehena za chumvi, nafaka, pembe na, kwa masikitiko yetu, watumwa.

Kafi la zama hizo nalo lilikuwa na umbo lake. Lilikuwa mti imara wa urefu wa futi 6 hivi, na mwishoni mwake pamefungwa kwa uzi kibao chenye ukubwa wa kiganja cha mtu, kilichotiwa mapambo. Mpiga kafi aliweka mkono mmoja juu kabisa ya mti na wa pili katikati, akachota maji yaliyo mbele yake na kuyasukuma nyuma huku mti ukisuguana na ubavu wa chombo. Walikaa wawili wawili, juu ya mikeka minene ya matete, na sehemu ya kati iliachwa kwa mizigo na abiria. Kibao kile kilikatika mara kwa mara, pengine hakikumaliza siku moja, na mtu asiyejua kukifunga upya bila kuwachelewesha wenziwe hakuhesabiwa kuwa ni mwanamaji. Tofauti na mpiga makasia wa Ulaya, ambaye huutazama mwisho wa chombo na kuipa mgongo njia aendako, mpiga kafi wa Tanganyika alikaa uso mbele, akaiona rasi anayoikabili na dhoruba inayomjia.

Basi mwezi wa Aprili mwaka 1858, Mwingereza Richard Burton, mwanajeshi wa Kampuni ya India Mashariki, pamoja na mwenziwe John Hanning Speke, walitoka Ujiji kuelekea kaskazini ili kuujua ukweli wa mto Rusizi, ambao baadhi ya watu walisema unatoka ziwani na wengine wakasema unaingia. Mkuu wa safari majini alikuwa Kannena, mtawala wa Kawele katika Ujiji, na wapiga kafi walikuwa 55, yaani 33 katika mtumbwi mkubwa na 22 katika mdogo. Walipanda ufuko wa mashariki mpaka katika mipaka ya Urundi, wakavuka hadi rasi ya Ubwari, kisha wakafuata ufuko wa magharibi, na tarehe 26 Aprili wakaingia Uvira, mkabala na Uzige. Hapo wana wa sultani wa nchi waliwaambia kwa kauli moja kwamba Rusizi unaingia ziwani. Burton alikuwa mgonjwa, hata ulimi wake ulikuwa na vidonda, na wapiga kafi wakakataa kwenda mbele zaidi kwa hofu ya watu wa kule. Kwa hiyo safari ikageuka, na tarehe 13 Mei walikuwa wamerejea Ujiji.

Burton alikuwa mwandishi mwenye jicho kali na moyo mgumu, na katika kurasa alizoandika juu ya watu hawa matusi yamechanganyika na ushahidi, hata msomaji hana budi kupepeta. Alisimulia kwamba waliimba kutwa, mmoja akianzisha kwa sauti ndefu ya huzuni na wengine wakiitikia, na wavulana walio miongoni mwao wakipiga ukelele ambao uliwatia wazima wazimu wa furaha. Kwamba mbele ya kila mtumbwi walikaa watu wa kupiga pembe na ngoma bila kukoma, ila pale hofu ilipowanyamazisha wote. Kwamba waliifanya kazi kwa vipindi, wakijitupa kwa nguvu zote mpaka jasho likawatiririka, kisha wakapumzika. Alitaja pia miiko yao: hawakukubali kuulizwa maswali wawapo majini, hawakuchota maji ya ziwa kwa chungu, wala hawakutupa makombo ya chakula nje ya chombo, wakiogopa kwamba mamba wangewafuata. Yeye aliona hayo kuwa ni ushirikina. Lakini mtu aliyewahi kusikia habari za Gustave, yule mamba mkubwa wa delta ya Rusizi ambaye jina lake limetisha wavuvi wa Bujumbura katika zama zetu hizi, atakiri kwamba mwiko wa kutomwaga makombo mbele ya mamba una akili ndani yake.

Katikati ya malalamiko hayo ndipo lilipo jambo letu. Burton aeleza kwamba kila mitumbwi miwili ilipokuwa pamoja, wapiga kafi walishindana bila kukoma mpaka vyombo vikagongana. Na mgongano huo ukawa ni ishara ya kicheko kwa wote, na makafi yaliyosokotana yakawapa kisingizio cha kukaa kidogo, kupayuka na kutukanana. Kwake yeye hiyo ilikuwa ni sura nyingine ya uvivu. Ajabu ni kwamba mtu huyu alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Trinity katika Oxford tangu mwaka 1840 hadi alipofukuzwa mwaka 1842, na Oxford tangu mwaka 1815 ilikuwa na mashindano maarufu yenye kanuni iyo hiyo: kwa kuwa mto ni mwembamba na vyombo haviwezi kwenda sambamba, hupangwa kimoja nyuma ya kingine, na kila kimoja hujitahidi kukigonga kile kilichotangulia, na kikigonga huhesabiwa kuwa kimeshinda na kesho yake hupanda daraja. Umati hukusanyika ukingoni ukishangilia, na majina ya washindi huandikwa kwa rangi katika makasia. Mgongano uliokuwa fahari katika mto wa Isis uligeuka kuwa upuuzi katika Tanganyika, na sababu ya tofauti hiyo haikuwamo majini. Ilikuwamo katika daraja la mtu aliyeshika mti.

Wala dhuluma hiyo haikuwahusu Waafrika peke yao, maana asili ya mchezo huo huko Uingereza ni kazi ya mikono. Katika mto Thames, wakati madaraja yalipokuwa machache, maelfu ya watu walipata riziki kwa kuvusha abiria kwa makasia; na mwaka 1715 mwigizaji wa michezo ya kuigiza, Thomas Doggett, aliweka tuzo ya koti na beji ya fedha ili vijana wavushaji waliotoka tu katika uanagenzi wao washindanie, kutoka daraja la London mpaka Chelsea. Shindano hilo lingaliko hadi leo. Baadaye wakaja mabwana wa vyuo vikuu, Oxford na Cambridge wakipambana kwa mara ya kwanza mwaka 1829, na tamasha la Henley likaanzishwa mwaka 1839. Na walipokwisha kuufanya mchezo kuwa wao, wakaweka sharti mwaka 1879 kwamba yeyote afanyaye kazi ya mikono kwa ujira asiruhusiwe kushindana nao. Kwa sharti la namna hiyo John B. Kelly wa Philadelphia, aliyekuwa mwashi wa matofali, alikataliwa Henley mwaka 1920. Na mwaka huo huo akaenda Antwerp akatwaa dhahabu ya Olimpiki. Sharti likafutwa mwaka 1937. Kwa hiyo mpiga kafi wa Tanganyika na mvushaji wa Thames walikuwa ndugu katika kisa kimoja: wote wawili waliujua ufundi kabla ya mabwana, na wote wawili walihesabiwa kuwa si wachezaji kwa sababu walikula jasho lao.

Miaka kumi na mitatu baada ya Burton kugeuka Uvira, safari nyingine ilifika Uzige penyewe. Henry Morton Stanley, aliyetumwa na gazeti la New York kumtafuta David Livingstone na kumkuta Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, alikubaliana na mzee huyo waende pamoja kulimaliza swali la Rusizi. Said bin Majid, mfanyabiashara Mwarabu wa Ujiji, aliwaazima mtumbwi wa mvule wa Ugoma, na wapiga kafi 16 wakauendesha kaskazini kwa kuambaa ufuko wa Urundi, wakilala nchi kavu, wakiondoka kimya usiku pale walipoogopa kuvamiwa. Tarehe 25 Novemba walipumzika Mugere, kilomita zipatazo 12 kusini mwa mahali ulipo mji wa Bujumbura leo. Wakapokewa na Mukamba, mkuu wa Uzige, kisha na nduguye Ruhinga, ambaye aliwatajia kwa ufasaha mito inayoingia katika Rusizi. Halafu wapiga kafi hodari wakachaguliwa, mtumbwi ukapenya katika matete ya delta, na wote waliomo wakaona maji yakija kwa kasi kuwakabili: mto unaingia ziwani. Safari nzima, kwenda na kurudi, ilichukua siku 28, na Stanley aliukadiria mwendo wake kuwa zaidi ya maili 300.

Jambo hili lataka kutafakariwa. Swali lililowagombanisha wanazuoni wa Chama cha Jiografia cha London kwa zaidi ya miaka kumi, likaandikiwa makala na kuchorewa ramani za kukisia, lilikuwa limekwisha jibiwa na wana wa sultani wa Uvira mwaka 1858, na kila mwanamaji aliyewahi kupita midomo ya Rusizi alilijua jibu hilo katika misuli ya mikono yake, kwa kuwa mkondo humwambia mpiga kafi ukweli ambao hauwezi kubishiwa. Walakini elimu yao haikuhesabiwa kuwa ni elimu mpaka abiria wawili wageni walipoiona kwa macho. Na leo pale Mugere pana jiwe kubwa lililochongwa majina ya abiria hao na tarehe ya kufika kwao. Jina la Mukamba aliyekuwa mwenyeji halimo, na la waliowavusha halimo.

Je, maisha ya mtu wa kazi hii yalikuwaje? Ushahidi wa wasafiri na ada za wavuvi zilizobaki hadi leo zatosha kutupa mstari wa maisha hayo bila ya kubuni. Alianza angali mvulana, maana wavulana walikuwamo katika kila chombo, akiitikia nyimbo na kujifunza mapigo, kwani wimbo haukuwa wa starehe tu: ndio uliowafanya watu thelathini kuzamisha makafi yao kwa nukta moja. Alijifunza kuzijua rasi kwa majina, na majira ya pepo, kwamba katika miezi ya kiangazi upepo wa kusini-mashariki hulitia ziwa mawimbi marefu, na kwamba katika masika dhoruba za ghafla huja na ngurumo usiku. Alijifunza kuyakinga maji yasijae chomboni, na jioni, mtumbwi ukisha kuvutwa ufukoni, kupinda fito na kuzifunika kwa mikeka ile ile aliyoikalia mchana, ikawa nyumba ya watu wanne au watano. Alilipwa nguo, shanga na vitindi vya shaba, na sehemu kubwa ya ujira ilipita kwanza mikononi mwa mkuu aliyempangisha. Alipokomaa macho na busara, alihamia tezi kuushika mwelekeo wa chombo, na hiyo ndiyo ilikuwa daraja ya juu ya kazi yake. Nahodha hakuwa na amri nyingi juu ya watu wake. Walibishana naye kila walipopita kijiji, wakashuka wapendapo, na asiyeweza kuwatuliza kwa maneno hakuweza kuwalazimisha kwa nguvu.

Kwa njia ya mitumbwi hiyo Kiswahili na Uislamu vilifika Uzige. Wafanyabiashara wa Ujiji na watu wa Manyema walipita hapa wakitafuta pembe na watumwa, na katika miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, ajulikanaye zaidi kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuitiisha Burundi kutoka ziwani, akashindwa na watu wa Mwami Mwezi Gisabo. Alichoshindwa kukipata kwa bunduki kilikuja kwa amani baadaye, maana boma la Usumbura lilipojengwa, askari, mafundi, wachuuzi na mabaharia waliojua Kiswahili walikaa kando yake, na wazao wao ndio waliofanya mtaa wa Buyenzi kuwa moyo wa Waswahili wa Burundi, wenye misikiti yake, barabara zake zilizopewa namba na lugha yake isikikayo tangu sokoni mpaka barazani.

Meli za moshi zilipoingia, kazi ya safari ndefu ilianza kufifia. Wamisheni wa London waliiweka majini Good News mwaka 1885, Wadachi wakaleta Hedwig von Wissmann, na reli ya kutoka Dar es Salaam ikafika Kigoma mwaka 1914. Mwaka uliofuata ikashushwa majini Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg na kuletwa kwa vipande. Vita vikaja, Wabelgiji wakaishika Usumbura mwezi wa Juni 1916, na Wadachi wakaizamisha meli yao kwa mikono yao wenyewe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924 na kuirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Tangu hapo kahawa na pamba za Ruanda-Urundi zilitoka bandari ya Usumbura kwa meli hadi Kigoma na kwa reli hadi pwani, na mpiga kafi aliyezoea kupakia pembe akabaki na samaki, abiria wa vijiji visivyo na gati, na magendo ya usiku baina ya Uvira na mji.

Uvuvi, hata hivyo, ulimpa umri mpya. Ndagala, wale samaki wadogo ambao Waswahili wa Kigoma huwaita dagaa, hufuata mwanga, na tangu zamani wavuvi wa Uzige walitoka usiku usio na mwezi wakiwa na moto wa kuni mbele ya mtumbwi na wavu wa lusenga mkononi. Katika miaka ya 1950 mambo matatu yakaja pamoja: Wagiriki wa Usumbura walianzisha uvuvi wa meli na nyavu kubwa za kuzungushia, taa za karabai zikachukua nafasi ya kuni, na mitumbwi miwili ikaanza kufungwa pamoja kwa miti ili kubeba wavu mmoja wa kuinua. Baadaye mashine za kusukuma chombo zikaenea. Lakini mashine hugharimu mafuta, na mafuta Burundi mara nyingi huadimika. Kwa hiyo hata leo, kutoka Gatumba hadi Rumonge, kafi halijatoka mikononi mwa watu. Mwezi wa Mei 2015, maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya nchi yao walipokusanyika Kagunga, kijiji cha Tanzania kisicho na gati, Liemba ilikuja kuwachukua kuwapeleka Kigoma. Na kwa kuwa haikuweza kusogea ufukoni, ilikuwa ni vyombo vidogo vya wenyeji vilivyowafikisha wanyonge hao ubavuni mwake.

Wakati wote huo mchezo wa makasia ulikuwa ukijipanga duniani bila ya kuyatazama maji haya. Shirikisho lake la kimataifa liliundwa Torino mwaka 1892, wanawake wakakubaliwa katika Olimpiki mwaka 1976, na umbali ukawekwa kuwa mita 2,000 katika maji yaliyotulia na yaliyogawanywa kwa mistari. Masharti hayo yanafaa nchi zenye mabwawa ya kuchimbwa na fedha za kununulia vyombo ambavyo bei yake haishikiki. Katika Afrika Mashariki mfano wa kutiwa moyo ni Kathleen Noble, binti wa wazazi wa Kiayalandi aliyezaliwa na kulelewa Uganda: alianza kwa kuogelea, akajifunza makasia alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton huko Marekani, akafuzu kwa shindano la Afrika lililofanyika Tunis mwaka 2019, na Tokyo akawa mtu wa kwanza kuiwakilisha Uganda katika mchezo huo, kisha akashiriki tena Paris mwaka 2024. Sifa yake ni ya haki. Lakini tazama njia aliyopitia: mtoto wa nchi yenye ziwa kubwa kuliko yote ya Afrika alilazimika kuvuka bahari ili ashike kasia la mashindano, ilhali wavuvi wa ziwa hilo walikuwa wakishika makafi kila alfajiri.

Sasa mlango mmoja umefunguka. Michezo ya Los Angeles ya mwaka 2028 imeingiza namna ya mashindano yanayofanyika pwani, ambamo mchezaji hukimbia mchangani, akarukia chombo, akapasua mawimbi, akazunguka maboya na kurudi mbio ufukoni. Vyombo vyake ni vipana na imara, na maji yenye msukosuko si kasoro bali ndiyo kipimo. Hakuna ufuko unaoelekea kuumbwa kwa ajili ya jambo hilo kuliko huu wa Bujumbura, wenye mchanga mrefu, mawimbi ya kutosha wakati wa kiangazi, na vijana waliozoea kusukuma mtumbwi majini alfajiri kabla watoto wa shule hawajaamka.

Burundi imekwisha kuonesha kwamba yajua kuitunza ada yake inapotaka. Ngoma za kifalme, ambazo wengine waliziona kelele, ziliandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa wanadamu wote, na wapigaji wake wapokewa kwa heshima kila pembe ya dunia. Ngoma ilikuwamo pia mbele ya mtumbwi, ikiyaongoza makafi. Ni haki mwenziwe aliyeitikia majini naye akumbukwe.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa michezo wa nchi hiyo, masheikh na wazee wa Buyenzi, na vyama vya wavuvi vya ufuko mzima, wafanye mambo mawili ambayo hayahitaji hazina ya serikali. La kwanza, waandike majina ya wanamaji wazee wangali hai, na ya baba zao na babu zao, pamoja na nyimbo walizoimba na rasi walizozivuka, kabla kumbukumbu hizo hazijazikwa nao. La pili, waweke shindano la kila mwaka la mitumbwi ya makafi, kutoka Bujumbura mpaka Mugere, na washindi wake waandikwe majina kwenye jiwe, kando ya lile ambalo hadi leo lawataja abiria peke yao.